Nafasi ya Eufrazia

Kinshasa,
11 Februari 1976

Mama Eufrazia,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto wote. Mimi mzima, ila joto la huku si la Mpanda. Hili linalowesha shati kabla hujafika barabarani.

Jibu la ofisi ya ubalozi limetoka. Familia inaruhusiwa kuja kabla ya Septemba, mwezi ambao shule za huku zinafungua mwaka. Kwa hiyo Jumamosi zangu siku hizi ni za kuzunguka shule. Mji huu ni mkubwa mno, unaweza kupanda basi asubuhi ukashuka saa sita na bado uko mjini.

Nimeona tatu. Ya kwanza ni ya Wamarekani, iko mlimani. Wanafundisha kwa Kiingereza, ndiyo sababu nilianza nayo. Ina bwawa la kuogelea na maktaba yenye zulia. Mkuu wa shule alinitembeza mwenyewe, akanipa kahawa. Ya pili ni ya Kifaransa, ya Madame Roussel, mama mmoja mfupi asiyecheka. Pale wanasoma watoto wa mataifa karibu thelathini: Wagiriki, Walebanoni, Wahindi, watoto wa mabalozi, na Wazaire wenye uwezo. Huyu hakunipa kahawa. Aliniuliza watoto wanajua nini. Nikasema Kiswahili, na Kiingereza kidogo. Akasema basi wajifunze Kifaransa kabla ya kuja, maana hana darasa la watoto wasiosema. Ya tatu ni ya masista, mtaa wa pili kutoka ninapokaa. Watoto sitini darasani, wanne kwenye dawati moja. Masista wenyewe ni wakarimu.

Gaspar angeingia la nne, na Theopista aanze la kwanza. Niambie unaonaje, maana wewe ndiye mwalimu, mimi ni karani tu. Na utafute mtu wa kuwafundisha Kifaransa, hata salamu na kuhesabu.

Mumeo,
Makarius


Shanwe, Mpanda,
7 Machi 1976

Baba Eufrazia,

Barua yako imefika na treni ya Jumatano. Sote wazima. Bibi wa Majimoto alikuja na mchele, akakaa siku nne, akarudi analalamika kwamba nyumba zetu za mjini hazina kivuli.

Habari za shule nimezisoma mara mbili. Makarius, hukuniandikia jambo hata moja ninalotaka kujua. Bwawa la kuogelea la nini? Gaspar akitaka maji ataoga. Mimi nauliza hivi: mtoto asiyeelewa anamwuliza nani? Akijibu vibaya anafanywa nini? Vyoo vya wasichana viko wapi, na vina mlango? Usiende tena siku ya kukaribishwa. Nenda siku ya kawaida, asubuhi, usimwambie mtu, usimame nje ya dirisha la darasa nusu saa. Hapo ndipo shule inaonekana. Hata hapa kwetu mkaguzi akija na taarifa anakuta tunaimba.

Mwalimu wa Kifaransa nimempata. Anaitwa Thacienne, ni katika wale wakimbizi wa Burundi walioko Katumba. Alikuwa mwalimu huko kwao. Hasemi mengi. Kila Jumamosi anachukua kibali kwa mkuu wa makazi, anakuja na lori la asubuhi, anawafundisha sebuleni kwangu mpaka lori linapogeuza. Malipo hataki. Anataka chaki na madaftari kwa ajili ya watoto anaowafundisha kule chini ya turubai.

Gaspar anamaliza somo anatafuta mpira. Theo anaimba tu. Lakini Eufrazia! Anaamka alfajiri anafagia huku anahesabu Kifaransa. Jana alimwuliza Mwalimu Thacienne kwa nini kwa Kifaransa meza ni mwanamke na kitabu ni mwanamume. Thacienne alicheka, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

Umeniandikia darasa la Gaspar na la Theo, la Eufrazia umesahau. Yuko la sita, anatimiza miaka kumi na tatu Agosti. Ulizia.

Mkeo,
Romana


Kinshasa,
4 Aprili 1976

Mama Eufrazia,

Nimefanya ulivyosema. Niliomba ruhusa kazini, nikasema naenda hospitali.

Kwa Wamarekani mlinzi alinifukuza getini, na bila mtu wa kunitambulisha sikuweza kuingia. Kwa masista niliingia hadi uani. Wanapendana, lakini sista mmoja alikuwa na madarasa mawili kwa wakati mmoja, anakimbia huku na huku na fimbo kwapani. Kwa Madame Roussel nilisimama dirishani kama ulivyoagiza. Mtoto mmoja, nadhani Mgiriki, alikosea ubaoni. Wenzake wakaanza kucheka. Mwalimu hakumpiga wala hakumketisha. Aliwanyamazisha, akamwambia, "Anza tena." Akaanza tena. Akakosea tena. "Anza tena." Mara ya nne akapata, na mwalimu akaendelea na mwingine kama vile hakuna kilichotokea. Vyoo vya wasichana viko nyuma, vina milango, na komeo ndani.

Nimechagua hiyo. Kama hukubali, niandikie haraka.

Wanataka mtihani. Madame Roussel ametoa bahasha iliyofungwa kwa lakiri, nami naituma pamoja na barua hii. Isifunguliwe na mzazi. Ifunguliwe na msimamizi anayejua Kifaransa, na yeye ndiye arudishe karatasi moja kwa moja shuleni na aandike anuani yake. Nilimtaja huyo Thacienne wako, Madame akakubali. Mtoto wa chini ya miaka minane hafanyi mtihani, kwa hiyo Theo hahusiki.

Habari ya Eufrazia nitakuandikia nikipata nafasi. Kuna mambo ya ofisi.

Mumeo,
Makarius


Shanwe, Mpanda,
10 Mei 1976

Baba Eufrazia,

Shule nimeikubali. "Anza tena" imenitosha.

Mtihani umefanyika Jumamosi, na leo Thacienne ameposti karatasi mwenyewe. Alipovunja lakiri alikuta karatasi za madarasa yote, kuanzia la tatu hadi la sita, msimamizi achague kufuatana na mtoto. Kwa hiyo Gaspar alipewa ya la tatu na Eufrazia ya la sita. Madame wako ana akili, amefikiria kila mtoto.

Thacienne alivaa gauni jeupe ambalo sijui alilitunza wapi miaka yote hiyo. Alitoa meza zangu zote nje ya sebule isipokuwa mbili, akafunga madirisha, na mimi mwenyewe akanifukuza. "Mzazi akae mbali," akasema. Nikakaa jikoni na Theo tukichambua maharage. Saa nzima husikii kitu. Gaspar alitoka wa kwanza, anacheka. Baadaye nikajua kwamba nyuma ya karatasi alichora treni. Eufrazia alitoka mwishoni, vidole vyote wino, akaenda moja kwa moja kwenye mtungi akanywa maji vikombe viwili. Nikamwuliza, "Ilikuwaje?" Akasema, "Mama, swali la nne lilikuwa na maneno mawili siyajui, lakini nimeyazunguka."

Mambo ya ofisi ni yapi? Usiniandikie nusu nusu. Hapa watu wameanza kuniaga barabarani.

Mkeo,
Romana


Kinshasa,
12 Juni 1976

Mama Gaspar,

Natumaini mko wazima. Huku kazi nyingi.

Majibu ya mtihani bado hayajatoka. Yakitoka nitakujulisha.

Hati za safari zitatumwa kwako kutoka Dar es Salaam mwezi huu au ujao, za treni na za ndege. Zitunze vizuri, zikipotea hawatoi nyingine.

Kuna jambo nimekuwa nalifikiria. Eufrazia mwakani ana mtihani wa darasa la saba. Akija huku ataukosa, na sijui huko mbele itakuwaje akirudi. Pia bibi yake pale Majimoto anazeeka, hana mtu wa kumchotea maji. Nimeona pengine Eufrazia akae kwa Bibi mwaka mmoja, amalizie shule ya pale, halafu tutaangalia. Na yeye ni mtoto wa marehemu kaka Silvester, upande ule nao wana haki naye. Mweleze taratibu, ni mtoto mwelewa.

Nyumba nimeshapata. Ina vyumba viwili vya kulala na bomba ndani.

Mumeo,
Makarius


Shanwe, Mpanda,
4 Julai 1976

Makarius,

Juzi haikuwa siku ya Thacienne kuja, lakini alikuja. Hakupata lori, alitembea tangu usiku. Alikuwa ameshika bahasha juu juu kama mtu aliyebeba yai. Ni nakala ya majibu ya Madame Roussel, kwa sababu msimamizi naye hupelekewa. Barua ina tarehe 24 Mei, na chini yake imeandikwa kwamba ya kwanza amekabidhiwa mzazi kwa mkono. Wewe umeniandikia tarehe 12 Juni kwamba majibu bado.

Gaspar atapokelewa, ila kwa kurudishwa madarasa mawili. Theo aje tu. Eufrazia amepewa nafasi katika darasa la kwanza la sekondari yao, na Madame ameongeza kwa kalamu yake mwenyewe kwamba angependa kumwona msichana huyu. Thacienne alikuwa anatusomea, machozi yanamtoka, na majirani wamejaa mlangoni. Nilipika wali. Tulikula, tulicheka, mimi nikasema Baba Eufrazia atafurahi.

Saa kumi tarishi akaleta hati za safari. Ziko tatu. Yangu, ya Gaspar na ya Theopista.

Nimezigeuza kila upande. Ndipo nikachukua barua zako zote nikazisoma kwa mpangilio, na nikaona ile ya mwisho umeniita Mama Gaspar. Hapa Shanwe hakuna mtu anayeniita hivyo. Nilipoingia nyumbani kwako nikiwa mwali, mtoto wa miaka mitatu alikuwa amekaa mkekani ananingoja, na toka siku hiyo jina langu ni Mama Eufrazia. Gaspar amezaliwa amelikuta.

Sijui ulifanya nini huko. Nataka uniandikie, siyo kwa lugha ya ofisi. Na usinitajie tena maji ya Bibi. Bibi ana wajukuu kumi na mmoja pale Majimoto.

Ndani ya bahasha kuna barua ya Eufrazia. Sijaisoma.

Romana


Mpanda,
4 Julai 1976

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mimi sijambo.

Mama hakuniambia kitu. Hati zilikuwa mezani nikatafuta jina langu mbele na nyuma. Nikadhani yangu imebaki ndani ya bahasha, nikaipasua bahasha yote. Mama aliponiona alikaa chini.

Barua ya Madame Roussel ninaijua kwa moyo. Kuna neno moja tu Mwalimu alinisaidia.

Nimemwuliza Mama nikuite nani kwenye barua hii. Akasema niamue mwenyewe. Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba kuna jina jingine.

Kama tatizo ni vitanda, naweza kulala na Theo. Ananisukuma usiku lakini nimezoea. Kama ni tatizo jingine niambie, nina miaka kumi na tatu karibu, naelewa. Kwa Bibi nitaenda nikiambiwa, lakini isemwe kwamba nimepelekwa, isisemwe kwamba nimependa.

Gaspar anasema kama mimi siendi na yeye haendi. Usimkasirikie, ni mdogo.

Ni mimi,
Eufrazia Silvester


Kinshasa,
29 Julai 1976

Mama Eufrazia,

Barua zenu mbili nimezisoma siku tisa zilizopita. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye jambo, ndipo niandike.

Nitakueleza. Mwaka jana pale Dar nilipewa fomu ya familia saa nane mchana, na ndege yangu ilikuwa keshokutwa. Imeandikwa: watoto wa kuzaa, au wa kulea wenye hati ya mahakama. Hati sina, hatujawahi kuihitaji. Nilijua nikiuliza, jalada langu litarudi mezani, na kulikuwa na watu wawili wanaoitaka nafasi hii. Nikaandika watoto wawili. Ningependa kukuambia kwamba kalamu ilisita. Haikusita. Nilijiambia nitarekebisha nikifika. Nilipofika nikaona aibu ya kurekebisha, na kila mwezi aibu ikawa kubwa zaidi. Nikawa nazunguka shule, nakuandikia habari za madirisha na vyoo, na nikiandika hivyo najiona baba mwema.

Majibu ya mtihani Madame alinipa mkononi. Akaniambia, "Bwana, huyu binti hukunitajia." Nikasema nilisahau. Aliniangalia sana.

Baada ya barua ya Eufrazia nilikwenda kwa Bwana Maduhu, mkuu wetu wa utawala. Ni mtu wa Shinyanga, hapotezi maneno.

"Uliondoka kwako ukiwa na watoto wangapi?"

"Watatu."

"Kwenye fomu?"

"Wawili."

"Wa tatu alikuwa wapi siku hiyo?"

Nikasema alikuwa nyumbani, ndiye aliyenipigia pasi shati la safari.

Akasema, "Makarius, wewe kila siku unawarudisha watu pale dirishani kwa sababu ya herufi moja kwenye majina yao." Nimepewa barua ya onyo, iko kwenye jalada langu, na cheo nilichokuwa nakingoja hakitakuja. Lakini ameandika Dar mwenyewe. Wamesema tukipata hati ya ulezi ya mahakama, Eufrazia ataingizwa. Haitawahi Septemba. Itakuwa Januari, ikienda vizuri.

Madame Roussel nimemweleza ukweli wote, kwa Kifaransa changu kibovu. Nafasi ya Eufrazia ataishika mpaka Januari. Za Gaspar na Theo pia, ingawa sikuomba.

Hakimu atataka mama mzazi akubali. Minza anaishi Inyonga tangu alipoolewa tena. Mimi napata likizo tarehe 6 Septemba, nitakuja. Lakini nakuomba uende wewe kwanza. Mimi nikienda atanifukuza, na atakuwa na haki.

Mwambie Eufrazia vitanda vitakuwa vitatu.

Makarius


Shanwe, Mpanda,
21 Agosti 1976

Makarius,

Barua yako nilimpa Eufrazia aisome mwenyewe. Aliisoma nje, akairudisha, akaenda kuchota maji. Mpaka leo hajasema chochote juu yake, nami simlazimishi.

Hati za safari nimezirudisha Dar kwa rejista. Hatuondoki kwa mafungu.

Inyonga tulikwenda na lori la tumbaku, mimi na yeye. Tulimkuta Minza kwenye banda anafunga majani, na watoto wake wadogo wanamsaidia. Alimwangalia Eufrazia muda mrefu, akasema, "Umerefuka kama baba yako," akatupa vigoda. Nikamweleza kila kitu, hata fomu. Sikukuficha.

Akaniuliza, "Sasa mwenzangu, mnataka nikubali nini?"

"Ukubali mbele ya hakimu kwamba ni mtoto wetu."

"Miaka kumi hii alikuwa mtoto wa nani?"

Minza akaendelea kufunga majani yake. Kisha akasema, "Silvester alipoangukiwa na ule mti msituni, shemeji alikuja kumchukua huyu kwa miguu, siku mbili njiani. Akamweka mabegani. Akaniambia, shemeji, huyu hatajua kwamba amefiwa na baba. Nilimwamini, ndiyo maana niliweza kuolewa tena. Leo anataka muhuri."

Akamgeukia mtoto. "Wewe unataka kwenda?"

Eufrazia akasema, "Nataka kusoma pale. Nimefaulu."

"Sikukuuliza umefaulu. Unataka kwenda kukaa na yule mtu?"

Makarius, aliyatazama majani yakikwaruzana mikononi mwa Minza. Kisha akasema, "Nataka kwanza aje nimwone. Akishasema mbele yangu, nitajua."

Minza akasema hayo ni maneno ya mtu mzima. Tulilala kwake siku mbili. Jumatatu akapanda lori pamoja na sisi hadi Mpanda, akaweka dole gumba mbele ya hakimu. Vidole vyake vimeshika rangi ya tumbaku, karani alimfuta mara mbili alama ikawa bado haisomeki, ikabidi arudie. Sharti lake ni moja: kila likizo ndefu mtoto akija nyumbani, siku saba ziwe za Inyonga. Nimeahidi kwa niaba yako. Imebaki sahihi yako na kiapo chako.

Ukishuka kwenye treni usipitie Majimoto kwanza, usipitie kwa rafiki zako. Njoo nyumbani moja kwa moja. Mimi nitakuwa nimewapeleka Gaspar na Theo kwa jirani. Nitakuwepo, lakini sitasema kitu.

Mama Eufrazia


Kinshasa,
23 Januari 1977

Kwa Mwalimu Thacienne, Katumba

Shikamoo Mwalimu,

Tumefika salama tarehe 8. Ndege ilitikisika, Gaspar alitapika mara mbili na sasa anasema ni Theo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nataka kusema mengi, na kwa Kifaransa ningekuwa bado niko kwenye ndege.

Nyumba ni nzuri. Mama bado hajapata kazi ya kufundisha na hapendi kukaa bure. Ameshagombana na mwuza samaki bila kujua lugha yake, wakaelewana. Theo anaongea Kilingala na watoto wa jirani zaidi kuliko anavyoongea nasi. Gaspar amewekwa na watoto wa miaka saba. Wiki ya kwanza aligoma, akakaa chini ya dawati, na mwalimu wake akamwachia akae hapohapo na akamwuliza maswali akiwa hukohuko chini. Siku hizi anakaa juu.

Ulitaka kujua habari zangu na Baba Mdogo, maana Septemba uliniona nilivyokuwa. Siku ile aliyofika alisema mbele yangu yote aliyoyaandika, na mengine ambayo hakuandika. Mama alikuwa jikoni. Nilisema sawa, na ni kweli nilimaanisha sawa. Hati imetoka, na kwenye pasi yangu nimeandikwa jina lake. Lakini lile jina nililokuwa namwitia zamani halitoki mdomoni, sijui kwa nini. Namwita Baba Mdogo, anaitika. Asubuhi tunapanda basi moja, yeye anashuka kwanza. Ijumaa alipitwa na kituo chake, akanifikisha mpaka getini, akarudi kwa miguu. Alisema alisahau kushuka.

Shule ni ngumu. Siku ya kwanza Madame Roussel aliniita ofisini, akaniangalia, akasema, "Kumbe ni mrefu," akaniruhusu niende. Darasani tuko ishirini na sita. Kifaransa chao kinakwenda mbio, lakini sikupotea kama nilivyoogopa. Historia ndiyo inanishinda, ni wafalme watupu na wote wana jina moja.

Sasa nikwambie lililotokea juzi kwenye hesabu. Mwalimu ni kijana kutoka Ufaransa. Aliniita nisome jibu langu. Jibu lilikuwa sabini na mbili, na lilikuwa sahihi. Nikasema kama ulivyonifundisha: septante-deux. Darasa likagawanyika. Watoto wa Ulaya walicheka, Wazaire hawakucheka, maana nao ndivyo wanavyohesabu. Mwalimu akasema kwamba Wafaransa hawasemi hivyo, wao wanasema sitini na kumi na mbili. Mimi nilisahau kwamba ni mgeni, nikamwambia hiyo ni kujumlisha, siyo namba. Hapo hata yeye akacheka. Akasema niandike kwa namna yake, lakini kusema niseme ninavyotaka.

Ndipo akaniuliza, "Nani alikufundisha?"

Nikasema, "Mwalimu wangu Madame Thacienne, yuko Katumba, Mpanda."

Akasema, "Amekufundisha vizuri. Zamani alikuwa anafundisha wapi?"

Nilisimama pale, Mwalimu. Mwaka mzima umekuja kwetu kila Jumamosi. Najua kibali chako kilivyo, najua unakunywa chai bila sukari na sukari yake unaifunga kwenye kitambaa uende nayo nyumbani. Sikuwahi kukuuliza shule yako ilikuwa inaitwaje, ilikuwa mlimani au bondeni, na wanafunzi wako walikuwa kina nani. Nilikuuliza tu kwa nini meza ni mwanamke.

Nilimwambia nitakuandikia nikuulize, kisha nitamjibu. Anangoja. Na mimi nangoja.

Niandikie majina ya wanafunzi wako wa Burundi, unaowakumbuka, wote. Andika kwa Kifaransa ukipenda. Nitayasoma polepole.

Mwanafunzi wako,
Eufrazia